Rudi Nyuma Kidogo

Asubuhi ya Jumatatu mpiga picha alifungua studio yake saa mbili kama siku zote. Alifagia, akafuta lenzi kwa kitambaa laini, akachemsha chai na kuinywa ingali ya moto wa kuunguza. Kikombe kilipoisha ndipo alipogundua kwamba ngozi ya ulimi imebabuka. Hakuwa amehisi kitu. Ilikuwa miezi saba sasa hahisi kitu, na alikuwa ameizoea hali hiyo kama watu wanavyozoea saa iliyosimama ukutani.

Majirani walisema ana roho ngumu. Walisema tu, hawakumjua alivyokuwa zamani.

Zamani alikuwa mtu wa maneno mengi, na kazi yake ilitaka hivyo. Alipiga picha za wachumba, lakini si zile za watu wawili kusimama wima kama wanasubiri kusomewa hukumu. Zake zilikuwa za watu wanaocheka mpaka fizi zinaonekana. Aliwaambia wabebane mgongoni, wapigane vikumbo wakitembea, wakimbizane kama wamerudi darasa la tatu. Na wakiwa wagumu kabisa, alimwita mwanamume pembeni. "Mnong'oneze mchumba wako jina la mboga," alimwambia. "Lakini kwa sauti ya mahaba." Mwanamume angeinama sikioni, na kwa sauti nzito ya kubembeleza angesema bamia, na mwanamke angevunjika mbavu. Hapo ndipo kamera ilipolia.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa mumewe.

Wateja walimwita Bwana Vituko. Hakujua hata kuiwasha kamera. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya mkewe, upande wa kushoto, mahali ambapo wachumba walimwona na mkewe hakumwona, kisha kufanya upuuzi. Alivaa kofia pana ya majani iliyochakaa ukingo. Alicheza muziki usiokuwepo, alibishana na mtu asiyekuwepo, na kituko chake kikubwa kilikuwa kujifanya anaanguka. Alitandaza mikono, akapepesuka, akaenda chini kama gunia. Hakuna mchumba aliyeweza kuvumilia kile. Kabla ya kuanza aliweka mkono kwenye bega la kushoto la mkewe na kusema neno moja tu, "Nipo." Naye mkewe hakugeuka kamwe. Ndiyo ilikuwa sheria ya kazi yao, kwa sababu mpiga picha akigeuka, wachumba wanamwangalia yeye na kicheko kinakufa. Walifanya hivyo miaka tisa.

Siku yenyewe walikuwa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, kwa kuwa ukuta mweupe wa mawe unarudisha mwanga mzuri usoni. Saa kumi jioni jua lilikuwa limeshuka nyuma yao. Wachumba walisimama mbele ya vichaka. Mpiga picha alisimama akiwa ameyapa mashimo mgongo, na Bwana Vituko alikuwa nyuma yake zaidi. Kila alipotazama kwenye kamera aliona kivuli cha kofia kimeingia pembeni, chini kushoto.

"Rudi nyuma kidogo," alisema bila kugeuka. "Kivuli chako kinaingia kwenye fremu."

Bwana Vituko akarudi.

Mpiga picha alisikia kokoto zikiporomoka. Mbele yake wachumba waliangua kicheko ambacho hakuwahi kukipata katika miaka yote tisa, kicheko cha watu wanaoshikana wasianguke, na yeye akabofya. Alibofya mara kumi na moja. Kwenye picha ya tisa mwanamke alikuwa ameacha kucheka. Kwenye ya kumi na moja alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Hapo ndipo mpiga picha alipogeuka, akaona ukingo wa shimo na vumbi jeupe likiwa bado hewani.

Msibani hakulia. Siku ya nne alirudi kazini, akazifungua zile picha kumi na moja, akaziangalia moja moja kama anavyoangalia za wateja wote. Ya pili ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Kasoro yake ilikuwa moja. Chini kushoto palikuwa na kivuli cha mtu mwenye kofia pana, ametandaza mikono. Aliichapisha picha kubwa, akachukua rula na kisu cha karatasi, akakata kile kipande chenye kivuli, upana wa vidole viwili. Kipande alikitia kwenye droo. Picha aliitia fremu na kuitundika ukutani, kwa sababu palikuwa na msumari mtupu na picha ilikuwa nzuri. Ukimuuliza sababu nyingine hangekuwa nayo. Wenye picha hawakurudi kuichukua.

Wateja wapya waliipenda. "Tunataka kicheko kama kile pale," walisema, na yeye aliitikia kwa kichwa.

Wa kwanza walikuwa walimu wawili. Aliwapeleka kwenye bustani, na kabla hajawaambia lolote wakaanza kucheka. Walikuwa wanaangalia juu ya bega lake la kushoto. Alidhani pengine mbwa amepita, au mtoto. Hakugeuka, kwani miaka tisa haiondoki mwilini kwa miezi miwili. Jioni, kwenye kompyuta, aliona kwenye kona ya kila picha doa jeusi, duara, kama ukingo wa kofia. Alilifuta kama anavyofuta chunusi za wateja. Wiki mbili baadaye akasikia kwamba yule mwalimu wa kiume ameanguka kinyumenyume kwenye ngazi za shule na kuvunjika mkono. Alimtumia ujumbe wa pole.

Wa pili walikuwa karani wa maktaba na mchumba wake muuza maua. Nao walicheka mapema. Safari hii kivuli kilikuwa kimesogea, kilionekana mpaka mabegani. Alikifuta pia. Kilikuwa kirefu zaidi, kwa hiyo kilimchukua muda zaidi. Hilo tu ndilo alilolifikiria.

Basi Jumatatu hiyo, chai ikiwa imeisha na ulimi umebabuka, aliyeingia wa kwanza alikuwa yule muuza maua. Alikuja kuchukua picha, lakini hakukaa. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mwenzangu yuko hospitali," alisema. "Nyonga imevunjika. Alianguka kazini, kwenye ngazi ya kupangia vitabu."

"Pole," mpiga picha alisema.

"Anakuulizia wewe."

"Mimi wa nini?"

Muuza maua alimkazia macho. "Ndilo na mimi nililotaka kujua."

Alikwenda mchana huohuo. Wodi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu, na vitanda vilikuwa vimesukumwa karibukaribu. Karani alikuwa amelazwa chali, mguu umefungwa uzito wa kuuvuta, uso umesinyaa. Alipomwona mpiga picha, aliangalia kwanza mlangoni, nyuma yake, upande wa kushoto. Kisha akashusha pumzi.

"Umekuja peke yako," alisema.

"Peke yangu."

"Ngazi ilikuwa na vidato sita tu. Nilikuwa nimeshika kitabu. Nikakusikia."

"Ulinisikia nikisema nini?"

"Ulisema kwa upole, kama mtu wa kazi. Rudi nyuma kidogo." Alilamba midomo. "Nikarudi. Nilisahau kabisa kwamba niko kwenye ngazi. Niliona kama niko kwenye picha."

"Siku ya picha sikukwambia hivyo."

Karani alifikiri. "Kweli," alisema polepole. "Siku ile hukusema. Lakini sauti ilikuwa yako."

Tangu machimboni mpiga picha hakuwa amelitamka neno lile kwa mtu yeyote. Hata sokoni, hata kwenye foleni, hakulitamka. Akitaka mtu asogee alisema njoo kwangu, au nenda kulia. Hakuwa amepanga hivyo. Mdomo wenyewe ulikataa.

"Yule bwana wako wa kofia hajambo?" karani aliuliza.

"Bwana gani?"

"Wa kuchekesha. Yule aliyekuwa nyuma yako." Alijaribu kutabasamu. "Alituvunja mbavu. Ila alikuwa mchafu, vumbi jeupe tangu kofia mpaka viatu. Na hakupumzika. Akiinuka anaanguka. Akiinuka anaanguka. Mwenzangu akaniuliza, huyu haumii? Tukasema ndiyo kazi yake."

Muuguzi alikuja na sinia la vidonge. Mpiga picha aliaga, akatoka, akatembea mpaka studio kwa miguu. Hakumbuki alipita njia gani.

Alivuta droo. Kipande cha picha kilikuwa palepale alipokiweka, chini ya betri za zamani. Kilionyesha ardhi nyeupe, majani mawili makavu na kokoto. Alikipeleka dirishani, akakigeuza huku na huku. Ardhi, majani, kokoto. Kivuli hakikuwepo.

Aliweka kile kipande mezani, akapiga simu.

Mdogo wake alikuwa akiolewa mwezi uliofuata. Picha za uchumba zilikuwa zipigwe Jumamosi hiyo, na suala la nani atazipiga halikuwahi kuwa suala. Mama yao alishautangazia ukoo mzima kwamba binti wa kwanza atampiga picha wa pili. Mchumba alikuwa fundi umeme, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Kazi yake ilikuwa kupanda nguzo.

"Jumamosi sitaweza," mpiga picha alisema. "Tafuteni mtu mwingine."

"Una homa?" mdogo wake aliuliza.

"Sina."

"Una kazi nyingine?"

"Sina."

"Basi dada niambie kitu cha kumwambia mama, maana mimi sina."

"Mwenzio yuko juu ya nguzo kila siku?"

"Dada, ndiyo kazi yake. Jumatatu wanaanza laini ya mlimani, zile nguzo ndefu. Kwa nini?" Sauti ya mdogo wake ikashuka. "Tangu Bwana Vituko atutoke hujanigombeza, hujanitania, hujaniuliza hata nimekula nini. Unaongea na mimi kama mtu wa mapokezi. Nilisema labda kwenye kazi utanichekesha. Kama zamani."

Mpiga picha alisikia maneno hayo na akajua kwamba yanapaswa kumuuma. Aliyangoja yaume. "Tafuteni mtu mwingine," alirudia, akakata simu.

Jumamosi hakufungua studio. Alikaa ndani, mlango umerudishwa, kamera kwenye begi. Saa tatu mlango ukasukumwa bila hodi na mwanga ukaingia. Mdogo wake na fundi umeme walisimama kizingitini, wamevaa fulana za njano zinazofanana kama wachezaji wa timu moja.

"Umekataa kuja, tumekuja sisi," mdogo wake alisema, na papo hapo akacheka.

Hakuwa akimwangalia dada yake. Alikuwa akiangalia juu ya bega lake, upande wa kushoto, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta na ile picha. Fundi umeme naye alicheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Dada, hukusema kama umepata mtu mpya wa kuchekesha."

"Anafanya nini?" mpiga picha aliuliza. Alisema kwa sauti ndogo, midomo haikufunguka vizuri.

"Si unamsikia anavyoanguka?" Mdogo wake alijifuta machozi. "Uso hata hauonekani, kofia imemfunika. Lakini mbona anamwiga shemeji kiasi hicho? Si vizuri." Tabasamu lilianza kumtoka. Alishika shavu lake mwenyewe, kama anataka kulizuia. "Dada. Sitaki kucheka. Siwezi kuacha."

Ndipo mpiga picha alipoogopa. Kijasho chembamba kikamtoka kwenye paji la uso, na kwa miezi saba hilo lilikuwa jambo la kwanza mwili wake kumwambia. Alimwogopea mdogo wake. Alikiogopa kile kicheko kinachoendelea kumtoka mtoto wa mama yake huku macho yamejaa woga. Na alimwogopea huyu kijana wa watu, ambaye alikuwa ameshamwona mwenye kofia na Jumatatu angekuwa juu ya nguzo, mikono ikiwa na kazi, akisikia sauti ya shemeji yake ikimwambia arudi nyuma kidogo.

Kuwafukuza hakungesaidia tena. Maneno yale aliyasema akiwa kazini, jua likiwa nyuma yake na kamera ikiwa jichoni. Kama yangeweza kurudishwa, yangerudishwa hukohuko. Alichukua begi.

"Twendeni uwanjani," alisema.

Alichagua uwanja wa shule kwa sababu ulikuwa bapa kama meza. Alikagua kwanza. Hapakuwa na shimo wala jiwe. Mbali kabisa, upande wa chini, palikuwa na mtaro wa zege wa maji ya mvua, wenye kina kuliko urefu wa mtu. Alipima kwa hatua. Hatua hamsini. Akawasimamisha wachumba katikati ya uwanja, mtaro ukiwa mbali nyuma yao, naye akasimama akilipa jua mgongo. Kivuli chake kilianguka mbele, kirefu, chembamba, cha mtu mmoja.

"Mnong'oneze jina la mboga," alimwambia fundi umeme.

Fundi umeme aliinama sikioni kwa mchumba wake. Hakupata nafasi ya kusema kitu. Walianza wote wawili kwa pamoja. Wakacheka.

Mpiga picha aliinua kamera. Chini kushoto kivuli kiliingia. Ukingo wa kofia kwanza. Kisha kichwa. Kisha mabega, mikono, kiuno. Hakikuwa kimewahi kuwa karibu hivyo. Kilitandaza mikono, kikapepesuka, kikaenda chini. Kikainuka. Kikaenda chini. Nyuma yake hapakuwa na sauti yoyote. Hata ya kupumua.

Alibofya. Mkono wake ulibofya wenyewe.

Fundi umeme alirudi hatua moja nyuma.

"Baki hapo," mpiga picha alisema.

"Sawa," alijibu fundi umeme akitabasamu, na akarudi hatua nyingine. Alikuwa na uso wa mtu msikivu. "Hapa? Nirudi tena?"

"Sijasema kitu. Simama."

"Sawa." Akarudi. Na tena. Mikono yake ilining'inia. Mdogo wake alimshika fulana, ikamtoka vidoleni. Bado alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni.

"Dada," alisema katikati ya kicheko. "Dada, mwambie."

Hatua kumi. Ishirini. Alikuwa anakwenda kinyumenyume, taratibu, vizuri, kama mteja mwema. Mpiga picha alimwita kwa kazi yake, akamwita shemeji, akamwambia njoo, njoo kwangu. Hakusikia. Sauti aliyokuwa anaisikia ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya mpiga picha mwenyewe, ya miezi saba iliyopita, na haikuwa inasemwa kwa kijana huyu.

Hatua thelathini.

Ukingoni mwa kamera kivuli kilianguka na kuinuka.

Aliishusha kamera. Hakugeuka. Alitaka kugeuka na shingo haikumruhusu, basi aliongea hivyohivyo, akiangalia mbele, kama walivyokuwa wakiongea kazini.

"Nilikwambia urudi nyuma na sikuangalia," alisema. "Nilisikia kokoto. Nikadhani ni kituko. Nikaendelea kupiga. Nilikukata kwenye picha kwa sababu ulikuwa unaiharibu. Sikulia. Sijui kwa nini sikulia."

Hatua arobaini. Arobaini na mbili.

"Inatosha kurudi," alinong'ona. "Njoo mbele."

Mkono ukawekwa kwenye bega lake la kushoto.

Ulikuwa mzito. Ulikuwa wa baridi, baridi ya jiwe ambalo halijaona jua, na ulipenya nguo mpaka kwenye mfupa. Na kwa kuwa hakuwa amehisi kitu kwa muda mrefu, alihisi vyote kwa mara moja. Ulimi uliobabuka uliuma. Miguu iliuma. Kifua kilimbana. Aliona kile kivuli chini, mbele yake, kikisogea mpaka kikagusana na chake. Kikaacha kuanguka.

Kule mbali fundi umeme alisimama. Kisigino kimoja kilikuwa kwenye zege ya mtaro, kingine kilikuwa hewani. Aliangalia chini, kisha akaangalia urefu wa uwanja alioupita. Akakaa kitako palepale kama mtoto.

Mdogo wake alikuwa ameacha kucheka. Alimkimbilia mchumba wake, akamkumbatia, na wakakaa hivyo. Baadaye alimwangalia dada yake, kwa mbali, kwa muda mrefu. Hakusogea karibu.

Picha zilizofaa zilikuwa tatu. Mdogo wake alichagua ile ya mwisho, ambayo hakuna mtu aliyekumbuka kuipiga. Wachumba wanaonekana mbali, wadogo, wamekaa ukingoni mwa mtaro wameshikana. Chini, sehemu ya mbele, uwanja wote umejaa kivuli kimoja kipana. Kina vichwa viwili, kimoja kina kofia, na huwezi kujua bega la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi.

"Nikate hapo chini?" mpiga picha alimuuliza.

"Usikate," mdogo wake alisema.

Picha ya machimboni mpiga picha aliiteremsha mwenyewe, akaifunga kwenye gazeti. Fundi umeme alipanda nguzo zake za mlimani na kushuka salama. Karani alianza kutembea kwa magongo, na hakuna mteja mwingine aliyeanguka. Wachumba walicheka walipoambiwa, kwa bamia, na walimwangalia yeye.

Wiki moja kabla ya harusi ya mdogo wake, mpiga picha alikwenda kwa fundi nguo kupimwa gauni. Ilikuwa asubuhi, mlango uko wazi, redio inaongea peke yake. Fundi alikuwa mama mnene mwenye pini mdomoni na utepe shingoni. Alimsimamisha juu ya mkeka wa bluu mbele ya kioo, akapima mgongo, akapima kiuno. Alipofika mabegani alipima mara mbili.

"La kushoto limeshuka vidole viwili," alisema. "Unabeba nini humo?"

"Kamera."

"Kamera gani hiyo ya kukupinda mwili?" Fundi alipangusa lile bega kwa kiganja, akakitazama kiganja. Kilikuwa cheupe. "Na hili vumbi umelitoa wapi?" Nguo ile ilikuwa imefuliwa jana, na juzi pia ilifuliwa.

Fundi hakuwa mtu wa kungoja majibu. Alimvisha gauni lililoungwa kwa pini, akasogea pembeni, akafunga jicho moja kama wafanyavyo mafundi.

"Rudi nyuma kidogo," alisema, "nikuone vizuri."

Mpiga picha hakusogea. Lakini bega lake lilikuwa jepesi ghafla. Baridi iliondoka. Kitambaa kilichokuwa kimelala kwenye bega kikainuka chenyewe, na nyuma yake, kwenye mkeka, akasikia kiatu kikikanyaga. Hatua moja. Kisha kimya, kama mtu anayetafuta ardhi kwa mguu wa pili.

Alikuwa amejiambia siku zote hizo kwamba mzigo ule anauogopa. Sasa ulikuwa unaondoka, na hofu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko ile ya uwanjani.

"Njoo mbele," alisema haraka. "Njoo. Nakuomba."

Bega likashuka. Baridi ikarudi mahali pake, vidole vinne na dole gumba. Mpiga picha alifumba macho, na machozi ambayo hayakutoka msibani yakatoka pale, mbele ya kioo, ndani ya gauni lenye pini.

Fundi alikuwa ametoa pini mdomoni. Aliangalia mkeka nyuma ya mteja wake. Pale palikuwa na alama mbili za viatu vya kiume, za vumbi jeupe, zimeelekea mbele. Alichukua chaki yake ya kupimia, akaisugua kidoleni, akalinganisha. Haikuwa chaki.

Hakuuliza tena. Alichukua ufagio, akafagia, alama zikatoka mara moja. Kisha akakaa kwenye cherehani, akafungua daftari, na kwenye vipimo vya bega la kushoto akapunguza vidole viwili. Gauni lile lipo mpaka leo. Ukilitundika linaning'inia upande. Akilivaa mpiga picha, linamkaa sawasawa.